UZI: Mtaa mkuu wa Wete mlango kwa mlango – duka lilikuwa la nini, likawa la nini, na kwa nini

#1 JamviLaWete

Assalaam alaykum wanajukwaa. Uzi huu ni kwa anayetaka kuandika kumbukumbu za maduka ya miji yetu ya Pemba: Wete, Chake Chake, Mkoani, hata Konde. Naanzia Wete kwa sababu mtaa wake mkuu unapanda kutoka bandarini, na mtu anaweza kuufuata kwa miguu bila kupotea.

Jambo la kwanza: andika mlango, usiandike biashara. Ukianza na "duka la fulani", fulani akihama umepotea, kwani anahama na jina lake. Mlango hauhami. Chora mtaa kwenye karatasi, anza bandarini, upande wa kushoto namba witiri (1, 3, 5), wa kulia shufwa (2, 4, 6). Kiwanja kitupu kipewe namba yake pia, kwa sababu aghalabu palikuwa na duka. Duka lililogawanywa liwe 14A na 14B. Mawili yaliyounganishwa yawe 14+16, usifute namba hata moja.

Kila mlango na karatasi yake. Andika upana wa uso wa duka kwa sentimita, sakafu iko juu ya barabara kwa kiasi gani, mlango ni wa aina gani, kuna ghorofa au hakuna, mwenye nyumba ni mtu binafsi, serikali au wakfu. Kisha biashara ya sasa na zote za nyuma kadiri zinavyopatikana. Pembeni weka safu ya "nimejuaje": A ni maandishi (risiti, leseni, kibao, picha), B ni alama kwenye jengo, C ni kauli ya mtu. Karatasi yenye C tupu haijakamilika.

Wazee wetu msiwaulize mwaka. Waulizeni kwa tukio: duka hili lilikuwepo kabla ya Mapinduzi ya 1964? Wakati wa foleni, bidhaa zilipokuwa adimu, lilikuwa wazi? Lilibadilika Mzee Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar, 1984 na 1985? Kabla ya umeme kutoka Tanga, 2010? Mtu hukosea mwaka, lakini hakosei kama kitambaa hicho alikipata kwa foleni au alikichagua mwenyewe.

#2 FundiBoriti

Waalaykum salaam. Naongezea safu B, maana jengo lina mengi ya kusema kuliko kibao.

Nyumba za zamani za mawe na chokaa dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Boriti nzuri hubeba uwazi wa mita 2.5 hadi 3, si zaidi. Ndiyo maana maduka ya zamani ni membamba, yanakwenda ndani kuliko yanavyokwenda pembeni, na ukuta ni wa nusu mita au zaidi. Ukikuta duka la zamani lenye uwazi wa mita 5 bila ukuta wa kati, basi ukuta umebomolewa. Tazama juu: utaona boriti la chuma au la zege. Hapo palikuwa na maduka mawili, na karatasi iandikwe hivyo.

Tazama kizingiti na sehemu ya juu ya mlango. Mfereji mwembamba uliochongwa kwa urefu wote ni alama ya mbao za kupachika: duka lilifungwa kwa kutelezesha mbao moja moja, na nyingi zilitiwa namba ili zisichanganyike. Ndoano nene ya chuma kwenye boriti, karibu na mlango, aghalabu ni ya mizani ya kuning'iniza. Hiyo ni dalili ya nafaka, karafuu au nazi kavu kwa jumla, si ya rejareja. Moshi mweusi ulioingia ndani ya chokaa ya dari ni mkahawa au tanuri la mkate. Kupaka rangi hakuufichi, unarudi kwa madoa ya manjano.

Sasa onyo kwa wanaobadilisha. Wengi wanakata uso wa duka ili kuweka mlango mpana wa chuma wa kuviringisha. Ukuta wa mawe ya matumbawe hauna kona za kujishikilia kama tofali, mawe yamelala kwenye chokaa tu. Ukikata yote kwa siku moja, ufa unapanda hadi ghorofani. Weka mirunda pande zote mbili, kata nusu ya unene wa ukuta, mwaga lenta (boriti la zege la juu ya mlango) ya nusu hiyo, iache ikomae siku 14 huku ukiimwagia maji wiki nzima ya mwanzo, ndipo uingie nusu ya pili. Lenta ikae juu ya ukuta angalau sm 30 kila upande. Wanaoiegemeza sm 10 ndio ambao baada ya masika mlango wao haushuki.

Plasta nayo iwe chokaa kwa mchanga, 1 kwa 3. Saruji juu ya ukuta wa chokaa inafunga unyevu ndani, chumvi inasukuma, na baada ya misimu miwili ya mvua plasta inaanguka mabamba mabamba, pengine juu ya bidhaa.

#3 Frasila35

Shukran Fundi. Ila jengo linakwambia nini kilikuwepo, halikwambii kwa nini kiliondoka. Kwa Pemba jibu la kwanza ni karafuu.

Msimu wa karafuu unaleta aina mbili za pesa mtaani, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya mchumaji. Huyu hulipwa kwa kipimo cha karafuu mbichi, karibu kila siku, pesa ndogo ndogo. Inakwenda kwenye boflo, sukari, samaki, sigara, mafuta ya taa zamani na vocha siku hizi. Ya pili ni ya mwenye shamba. Karafuu zake zianikwe kwanza, siku 3 hadi 5 za jua zuri, na kilo 3 mbichi zinabaki kama kilo 1 kavu. Ndipo apeleke kituoni kupimiwa daraja. Pesa hii inakuja kwa mkupuo na inakwenda kwenye mabati, saruji, dhahabu, vitanda, harusi.

Kwa hiyo duka la mchumaji linahitaji kuwa karibu na njia yake na kufunguliwa alfajiri na jioni. Duka la mwenye shamba linaweza kuwa popote, mteja atalitafuta. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Baada ya mavuno makubwa hupumzika, na miaka mibovu inafuatana. Mwenye duka la vitu vizito asiyeweka akiba ya kupita miaka miwili ya mavuno duni ndiye anayefunga. Mkitazama mlango uliobadilisha biashara mara nyingi, pigeni hesabu ya misimu kwanza kabla ya kumlaumu mwenye duka.

Zamani mnyororo ulikuwa wa mkopo. Mwenye duka, Mhindi au Mwarabu, alimkopesha mkulima mchele na vitambaa mwaka mzima, akalipwa kwa karafuu. Serikali ya kikoloni ilipoipa Clove Growers' Association (chama cha wakulima wa karafuu) mamlaka juu ya biashara ya karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma kuzinunua, 1937 hadi 1938, na mgomo ukaishia kwa makubaliano. Baada ya Mapinduzi ununuzi ukawa wa serikali peke yake, na ZSTC, shirika la biashara la serikali, likaundwa 1968. Hapo duka la mtaani lilipoteza kazi yake ya pili, ya kuwa mnunuzi na mkopeshaji. Hiyo ndiyo sababu ndoano za mizani alizozitaja Fundi zimebaki bila mizani.

Kisha miaka ya foleni: bidhaa kutoka nje ziliingizwa na serikali, maduka mengi ya binafsi yakawa na rafu tupu, mengine yakageuzwa ghala au makaazi. Biashara ilipolegezwa 1984 na mtu akaruhusiwa kuagiza kwa fedha zake za kigeni, mtaa ulijaa tena, lakini kwa vitu vingine: redio, vitambaa na mabaibui ya Dubai, vyombo vya plastiki.

#4 Kipangani_24

Maalim Frasila, umesema duka la vitu vizito laweza kuwa popote. Basi kwa nini maduka ya saruji na nondo yamehama mtaa mkuu na kwenda pembezoni ya mji?

#5 Frasila35

Kwa sababu ya urefu wa nondo, ndugu yangu. Nondo ya kawaida ni mita 12. Lori lenye mzigo huo halipindi kona za mtaa wa zamani, na likisimama kushusha linafunga njia saa nzima. Mfuko wa saruji nao ni kilo 50. Kila mita 10 za kubeba kutoka barabarani hadi ghala ni ujira wa kuli, na faida ya mfuko mmoja ni ndogo mno kubeba gharama hiyo.

Kuna na unyevu. Duka la mtaa mkuu lenye kuta za matumbawe halikauki. Saruji inataka kupangwa juu ya mbao, sm 15 kutoka sakafuni, sm 30 kutoka ukutani, isizidi mifuko 10 kwenda juu, na itoke ndani ya miezi 3. Mifuko ya chini ikianza kuwa na mabonge yasiyovunjika kwa vidole, hiyo si ya nguzo tena.

Kwenye mtaa wa zamani wamebaki wanaouza misumari, kufuli, rangi, vifaa vya bomba na umeme. Vitu vidogo, faida kubwa kwa kila shubiri ya rafu.

#6 BiMkasi

Assalaam alaykum kaka zangu. Mmeyaruka maduka ya vitambaa na mafundi cherehani, nao ndio waliokuwa wameishika baraza ya mtaa.

Namna ya kulitambua duka la vitambaa la zamani: tafuta meza ndefu ya mbao, au alama yake sakafuni, sambamba na mlango. Kwenye ukingo wa meza tazama kama kuna misumari miwili ya shaba iliyopigwa kwa umbali wa sm 91 na kidogo. Hiyo ni yadi. Ukikuta msumari wa tatu kwenye sm 100, meza imeendelea kutumika hadi wakati wa mita. Rafu zilikuwa na kina cha sm 60 hivi ili jora lilale kwa urefu. Rafu za duka la vyakula hazihitaji kina hicho.

Fundi alikaa barazani kwa sababu ya mwanga na kwa sababu hakulipa kodi ya fremu (chumba cha duka). Alimlipa mwenye duka kwa kazi: mteja ananunua kitambaa ndani, anashonewa nje. Kanzu ya mtu mzima yala yadi 3 na nusu hadi 4, na fundi ndiye aliyemwambia mteja akate ngapi. Walitegemeana. Nguo za tayari na mitumba zilipojaa, duka la vitambaa likapungukiwa, na baraza ikakosa fundi hata kabla duka halijafungwa.

Waliobaki wameingia ndani ya fremu ndogo kwa sababu ya mashine za umeme. Wanaishi kwa sare za skuli mwanzo wa mwaka na kwa Idd. Fundi makini hufunga daftari la Idd kabla Ramadhani haijafika nusu. Anayepokea kazi hadi kumi la mwisho hushona usiku kucha na nguo zinarudi kurekebishwa. Kanga hazijatoka mtaani, kwa kuwa doti halina haja ya fundi zaidi ya kukata katikati na kukunja pindo.

#7 KaratasiKuukuu

Nachangia safu A. Mbinu za kujua umri wa risiti, daftari au kibao:

Fedha. Hesabu za rupia ni za kabla ya 1936. Mwaka huo ndipo shilingi ya Afrika Mashariki ilipoingia, rupia 1 kwa shilingi 1 na senti 50. Daftari lenye bei ambazo ghafla zimezidi kwa nusu halina maana kwamba vitu vilipanda, fedha imebadilika. Shilingi ya Tanzania ni ya 1966.

Tarehe. Madaftari ya Wahindi wengi ni ya Kigujarati, na ya Mabaniani yalifunguliwa Diwali, si Januari, kwa mwaka wao wa Samvat. Ili kupata mwaka wetu wa kawaida, toa 57 kwa miezi ya mwanzo hadi Disemba, na 56 kuanzia Januari. Samvat 1990 ni kuanzia Oktoba 1933 hadi vuli ya 1934. Bohora aghalabu waliandika Kigujarati kwa herufi za Kiarabu. Usimpe msomaji wa Kiarabu akakwambia hayasomeki ukayatupa.

Vipimo. Frasila (ratili 35, karibu kilo 16), ratili, pishi na kibaba kwenye risiti rasmi zinaelekeza nyuma ya enzi ya kilo. Ila pishi mdomoni bado inaishi, kwa hiyo kauli ya mtu kwamba "tulinunua kwa pishi" si ushahidi wa zama.

Simu kwenye vibao, na hili watu hawalijui. Namba za mkononi zilibadilishwa 2006. Kibao chenye 0747 kimechorwa kabla ya hapo, chenye 0777 ni baada. Vivyo hivyo 0744 na 0754. Za mezani, 054 ni ya nyuma ya 024. Kibao kisicho na simu bali "P.O. Box" peke yake ni cha zamani zaidi, lakini kithibitishe kwa kitu kingine.

Ukiona rangi ya kampuni ya simu imepakwa uso mzima wa duka, ikwangue kidogo pembeni kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa wembe, eneo la sm 5 kwa 5. Tabaka za rangi zinahesabika, na mara nyingine herufi za kibao cha zamani zimo chini. Usitumie maji, chokaa inachukua kila kitu.

#8 Wakala_Konde

Nyote mnazungumzia ya kale. Sasa hivi kinachoua maduka ni maduka makubwa ya kujichagulia na simu. Duka dogo la rejareja halina maisha.

#9 JamviLaWete

Hapo sikubaliani nawe, sheikh. Duka la kujichagulia linauza pakiti nzima. Mchumaji au mvuvi mwenye pesa ya leo tu ananunua sukari robo, mafuta kipimo kimoja, mchele wa mapembe nusu. Kazi hiyo ni ya duka dogo na hakuna anayeitaka zaidi yake. Duka dogo linaanguka kwa mizani. Polo la kilo 50 linatoa robo 200 kwa hesabu ya karatasi. Kila robo ikizidi gramu 5 tu, umepoteza kilo nzima, na kilo hiyo ndiyo ilikuwa sehemu kubwa ya faida. La pili ni daftari la mkopo lisilo na mpaka. Wanaodumu wanampa kila mteja kikomo na hawamkopeshi tena hadi alipe deni lote, hata awe jamaa.

Kuhusu simu, tazama ni duka gani lilikufa. Studio ya picha iligeuka duka la fotokopi. Kibanda cha simu ya kulipia kikawa cha vocha, kisha cha wakala. Mlango uliobadilika ni uleule. Fremu ya mita 1.5 iliyokuwa haitoshi biashara yoyote leo inamtosha wakala na meza yake, ndiyo maana maduka yanagawanywa. Hesabuni mita za Tukuza (za umeme wa kulipia kabla) nyuma ya jengo: mita tatu kwenye duka moja la zamani ni fremu tatu.

#10 Wakala_Konde

Kwenye robo na kipimo nakubali. Basi niongeze la uwakala, maana linafanana na la mizani. Floti (pesa iliyo kwenye simu ya wakala) na pesa taslimu ni mfuko mmoja wenye vyumba viwili. Pesa za karafuu zikitoka, watu wote wanatoa. Taslimu inakwisha saa nne asubuhi na floti imejaa bila kazi. Wiki ya kufungua skuli ni kinyume chake, watu wanatuma. Wakala anayegawa nusu kwa nusu mwaka mzima anafukuza wateja nusu ya mwaka. Msimu weka taslimu robo tatu, na uelewane mapema na mwenye duka la jumla: yeye jioni ana taslimu asiyotaka kulala nayo.

Na umeme usisahaulike. Kabla ya 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, wa megawati 20, ndio uliozaa maduka ya friza, sharubati, saluni na mafundi wa kuchomea milango. Ukiambiwa duka la barafu na samaki wa friza ni la miaka ya 1990, uliza walikuwa na jenereta yao?

#11 Kipangani_24

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mtu akitaka fremu mtaa mkuu, kilemba (pesa ya kuingilia) kinalipwa kwa nani?

#12 KaratasiKuukuu

Ndiyo sababu Jamvi ameweka mwenye nyumba kwenye karatasi. Nyumba ya mtu binafsi, zungumza na warithi wote, si mmoja. Mirathi isiyogawiwa ndiyo inayotoa watu kwenye fremu. Ya serikali, mpangaji aliyemo hana cha kuuza, anakuuzia nafasi yake tu na mkataba haumfuati anayeingia. Ya wakfu haiuzwi kabisa. Nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana uone jina la mpangaji kabla ya kutoa hata shilingi. Milango ya wakfu hubadilika polepole kuliko yote mtaani, na humo ndimo mtakamokuta mbao za kupachika na meza za Bi Mkasi.

#13 JamviLaWete

Mmefanya kazi kubwa. Ongezeko moja kwa wapimaji: andikeni stendi ilikuwa wapi kila zama. Duka la maji, biskuti na vocha linafuata stendi kila inapohamishwa. La dawa, dhahabu na vitambaa linabaki.

Karatasi ijazwe namna hii (mlango wa mfano, si wa kweli):

Mlango 14. Uso sm 280, sakafu sm 45 juu ya barabara, ghorofa moja. Mwenye nyumba: wakfu. Mfereji wa mbao za kupachika upo (B). Ndoano ya mizani, boriti ya pili (B). Jumla ya nafaka na karafuu, risiti ya rupia (A), kabla ya 1936. Vitambaa, misumari ya yadi kwenye meza (B), kauli mbili (C). Limefungwa wakati wa foleni (C, C). Redio na kaseti (C), linahitaji ushahidi. Simu na vocha, kibao 0747 (A), kabla ya 2006. Sasa 14A wakala, 14B duka la dawa, mita mbili za umeme (B).

Picha ni tatu kwa kila mlango: uso mzima kutoka ng'ambo ya barabara, kizingiti, na dari. Piga kabla ya saa tatu asubuhi, milango ikiwa bado imefungwa, maana bidhaa zikishatundikwa nje kizingiti hakionekani.